Lori la Jeshi na Mfano Wake wa Bati

Kuna njia nyingi za kujifunza historia. Njia ijulikanayo zaidi ni ile ya kitabu, na ya pili ni ile ya kuketi karibu na wazee na kuwasikiliza. Iko njia ya tatu ambayo watu wengi huidharau kwa sababu hufanana na mchezo, nayo ni kukitwaa kitu cha zamani na kukiunda upya kwa mikono, kikiwa kidogo, kwa vifaa alivyoviokota mwundaji mwenyewe. Kijana atakaye kuunda lori dogo la jeshi kwa waya na bati hana budi kwanza kulitazama lori kubwa, na akiisha kulitazama vyema hana budi kuuliza maswali. Mbona tairi zake ni kubwa hivi? Mbona ekseli yake ya nyuma ina tairi moja tu kila upande, hali lori lichukualo kahawa lina tairi mbili mbili? Mbona limefunikwa kwa turubai, wala si kwa bati au mbao? Waya na bati haviwezi kumjibu. Majibu yamo katika mambo yaliyotendeka zamani, na katika nchi walizopita watu na malori yao.

Nchi iliyo baina ya Ruiru na Thika yafaa sana kwa somo hili. Miji hiyo miwili iko kaskazini mashariki ya Nairobi. Thika ni mwendo wa kilomita 40 na zaidi kidogo kutoka mji mkuu, na Ruiru iko katikati ya njia. Reli ya kutoka Nairobi ilifika Thika mwaka 1913, na mashamba makubwa ya kahawa na mkonge yalitanda pande zote za miji hiyo. Kutoka Thika barabara moja hushika njia ya kaskazini mpaka Nanyuki, Isiolo, Marsabit na Moyale katika mpaka wa Ethiopia. Nyingine huelekea mashariki mpaka Garissa, penye mto Tana. Mtu akiitazama ramani atafahamu mara moja kwa nini magari ya jeshi hayakuwa wageni katika sehemu hizi.

Lakini kabla hatujalitazama lori lenyewe, yatupasa kuzitazama siku ambazo lori halikuwapo, maana thamani ya kitu hujulikana pale kinapokosekana.

Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka mwaka 1914, Waingereza walikuwa wakiitawala Kenya, na Wajerumani walikuwa wakiitawala Tanganyika. Majeshi ya pande mbili yalipambana katika Afrika ya Mashariki kwa muda wa miaka minne. Barabara zilikuwa chache mno, na motokaa chache zaidi. Farasi, nyumbu na ng'ombe wa kukokota magari walikufa kwa wingi, kwa sababu mbung'o aliwauma na kuwaambukiza maradhi. Basi mzigo wa vita ukaangukia vichwa na mabega ya watu. Unga, risasi, dawa, mahema na hata vipande vya mizinga vilichukuliwa na wapagazi waliokuwa wakienda kwa miguu. Kwa upande wa Waingereza peke yao, watu wapatao milioni moja walitumiwa katika kazi hiyo, wengi wao bila hiari yao, kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika, Nyasaland, Kongo na nchi nyingine. Wapatao laki moja hufikiriwa kuwa walikufa, na wengi wa hao hawakuuawa kwa risasi. Waliuawa na kuhara, malaria, homa ya mapafu na njaa. Kikosi chao kiliitwa kwa Kiingereza Carrier Corps, na ulimi wa watu ukalifinyanga jina hilo hata likawa Kariakor katika Nairobi na Kariakoo katika Dar es Salaam. Mtu aendaye sokoni Kariakor leo hutamka jina la wapagazi wale, ajue asijue.

Tufanye hesabu kidogo, kwa kuwa hesabu ni taa ya historia. Mpagazi mmoja aliweza kuchukua mzigo wa kilo 25 au karibu yake. Lori la wastani la jeshi la miaka iliyofuata lilifanywa lichukue tani 3, yaani kilo 3,000. Gawanya 3,000 kwa 25, utapata 120. Kwa hiyo lori moja huchukua mizigo ya watu 120. Wala hesabu haikomi hapo. Mpagazi hula. Tukikadiria kuwa anakula kilo moja ya chakula kwa siku, basi mpagazi aliyebeba unga ataumaliza mzigo wake wote mwenyewe kwa siku 25, kabla askari hajapata hata kibaba. Ndiyo sababu kila safari ilipokuwa ndefu, wapagazi zaidi walitakiwa ili kuwabebea chakula wapagazi wengine, na wengine tena ili kuwabebea hao. Vita ile ilikula watu kwa jinsi hiyo.

Vita Kuu ya Pili ilianza mwaka 1939, na mwezi Juni 1940 Italia ikaingia vitani. Waitaliani walikuwa wakiitawala Ethiopia, ambayo wazee waliiita Uhabeshi, pamoja na Eritrea na sehemu kubwa ya Somalia. Mpaka wa kaskazini wa Kenya ukawa uwanja wa vita. Majeshi yaliyokusanywa Kenya yalikuwa na askari wa King's African Rifles, askari kutoka Nigeria na Gold Coast, na Wazungu wa Afrika ya Kusini. Mbele yao palikuwa na jangwa: mchanga, miiba, mawe meusi, na visima vilivyo mbalimbali. Kama wangalitegemea vichwa vya watu, vita ile isingaliwezekana kabisa, kwa kuwa mpagazi wa jangwani huhitaji maji zaidi ya chakula, na maji ni mazito. Safari hii lakini walikuwa na malori.

Mwezi Februari 1941 majeshi hayo yaliondoka upande wa mto Tana yakaingia Somalia. Kismayu ilitekwa tarehe 14 Februari, na Mogadishu tarehe 25 Februari. Kutoka hapo yaligeukia kaskazini, yakapita Jijiga na Harar, na tarehe 6 Aprili 1941 yakaingia Addis Ababa. Ulikuwa mwendo wa kilomita zaidi ya 2,500, nao ulitimizwa kwa muda wa miezi miwili. Tarehe 5 Mei Mfalme Haile Selassie alirudi katika mji wake mkuu, miaka mitano kamili baada ya Waitaliani kuuteka. Vitabu vingi huwasifu majemadari kwa mwendo ule wa kasi. Ni haki kuwakumbuka pia madereva walioketi usukani mchana na usiku katika vumbi, na mafundi waliolala chali chini ya malori wakifunga springi zilizokatika.

Sasa yale maswali ya kijana wetu yaweza kujibiwa. Tairi za lori la jeshi ni kubwa ili tumbo la gari lisigonge mawe wala kukwama juu ya tuta la katikati ya njia. Ekseli ya nyuma ina tairi moja moja kwa sababu katika mchanga na matope gurudumu la mbele hujipasulia njia, na gurudumu la nyuma hufuata katika alama ile ile. Kama tairi zingekuwa mbili mbili, ile ya pili ingelazimika kujipasulia njia mpya, na injini ingechoka bure. Lori la kahawa halina haja hiyo, kwa kuwa hupita barabara iliyotengenezwa, nalo linahitaji tairi nyingi ili kuugawanya uzito. Turubai limewekwa juu ya matao ya chuma ili liweze kuondolewa upesi, askari waruke nje pande zote, au mzigo mrefu upakiwe kutoka juu. Tena turubai ni jepesi, na kila kilo iliyopunguzwa katika gari ni kilo ya unga au ya maji iliyoongezwa katika mzigo.

Malori ya vita ile yalitoka nchi nyingi. Kanada peke yake ilitengeneza magari ya kijeshi zaidi ya 800,000, mengi ya aina za Ford na Chevrolet. Uingereza ilitoa, miongoni mwa mengine, lori la tani 3 lililoitwa Bedford QL, lililoanza kutengenezwa mwaka 1941. Zaidi ya 50,000 yalitengenezwa kabla ya vita kwisha. Lori hilo lilisukumwa na injini kwa magurudumu yote manne, na chumba cha dereva kiliwekwa juu ya injini badala ya nyuma yake. Kwa ajili hiyo uso wake ni bapa, nalo halina pua ndefu kama malori ya zamani. Faida yake ni kwamba nafasi iliyookolewa mbele iliongezwa nyuma, mahali pa mzigo. Aliyeuona uso ule hausahau, na mwundaji wa mifano huupenda, kwa kuwa bati bapa hukunjika kwa urahisi kuliko bati la mviringo.

Kenya ilitoa askari karibu laki moja katika vita ile. Wengi walikwenda mbali kupita Uhabeshi. Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika ya Mashariki ilishuka bonde la Kabaw katika Burma wakati wa mvua kubwa za msimu. Huko matope yaliyashinda hata malori yenye kusukumwa kwa magurudumu yote, na mara nyingi chakula kilidondoshwa kutoka angani kwa ndege. Jambo hilo lafaa kukumbukwa na kila apendaye mashine: hakuna mashine isiyo na mwisho wa uwezo wake, na mahali uwezo huo unapokwisha, mguu wa mtu huanza kazi tena.

Vita vilipokwisha mwaka 1945, maelfu ya vijana wa Afrika ya Mashariki walirudi kwao wakiwa na elimu ambayo baba zao hawakuwa nayo. Walijua kuendesha lori, kusikiliza injini na kutambua ugonjwa wake, kubadili springi na kusafisha kabureta. Walitumaini kuwa elimu hiyo itawapatia kazi nzuri, au leseni ya biashara ya uchukuzi, au heshima ya raia. Baadhi yao walipata, na wengi hawakupata. Katika Mkoa wa Kati, ambako ardhi nyingi nzuri ilikuwa mikononi mwa walowezi, uchungu huo uliongezeka juu ya uchungu wa ardhi.

Hapo ndipo lori la jeshi lilipojipatia maana nyingine. Tarehe 20 Oktoba 1952 serikali ya kikoloni ilitangaza Hali ya Hatari, na askari wa Kiingereza wakaletwa Nairobi kwa ndege. Malori ya kijeshi yakapita katika barabara za Kiambu, Ruiru, Thika na Murang'a, na safari hii hayakuwa yakielekea mpaka wa nchi. Tarehe 24 Aprili 1954 mji wa Nairobi ulizingirwa katika msako ulioitwa Operation Anvil. Maelfu kwa maelfu ya watu, hasa Wagikuyu, Waembu na Wameru, walikamatwa, wakapakiwa katika malori na kupelekwa Lang'ata kuchujwa. Na wengi wakapelekwa kutoka huko mpaka kambi za Mackinnon Road na Manyani. Katika miezi iliyofuata watu zaidi ya milioni moja wa Mkoa wa Kati waliondolewa katika nyumba zao zilizotawanyika, wakalazimishwa kujenga na kukaa katika vijiji vilivyozungushiwa handaki na seng'enge.

Basi fikiri, msomaji. Kitu kilekile kilichouondoa mzigo kichwani mwa mpagazi, kitu kilekile kilichomfundisha kijana ufundi wa injini, sasa kilisimama mlangoni kwa ajili ya kumchukua baba mtu na kumpeleka asikokujua mkewe. Chuma hakikubadilika. Tairi zilikuwa zilezile, na turubai lilikuwa lilelile. Kilichobadilika ni amri aliyopewa dereva, na watu walioketi nyuma. Si ajabu kwamba kwa wazee wengi wa sehemu hizi sauti ya lori zito usiku haikuwa sauti ya uchukuzi tu.

Katika miaka hiyo Waingereza walijenga kambi kubwa ya jeshi huko Kahawa, kusini kidogo ya Ruiru, wakaiita Templer Barracks. Kenya ilipata uhuru tarehe 12 Desemba 1963. Mwaka 1965 kambi ile ilikabidhiwa serikali ya Kenya, ikageuzwa kuwa chuo cha elimu kilichoitwa Kenyatta College, ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Kenyatta. Mahali palipoegeshwa malori ya vita pakawa mahali pa madaftari. Hata hivyo jeshi halikuondoka katika nchi hii, kwa kuwa Jeshi la Kenya nalo lina kambi Kahawa na Thika, na malori yake huonekana barabarani. Kijana wa Ruiru atakaye kulitazama lori la jeshi hahitaji kusafiri mbali. Ni kusimama kando ya barabara na kungoja.

Na sasa tuje kwenye kazi ya mikono. Desturi ya watoto kujiundia magari kwa waya na mabati imeenea katika Kenya yote na katika nchi nyingi za Afrika. Huko Malawi gari la namna hiyo huitwa galimoto. Katika Thika na Ruiru vifaa havikupata kuwa haba. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Thika ikawa mji wa viwanda: palikuwa na kiwanda cha kutia mananasi makoponi, na kiwanda cha kutengeneza mikebe yenyewe. Mkebe ukiisha kutoa mananasi yake au mafuta yake ya kupikia, huzaliwa mara ya pili: huwa koroboi ya kumulikia, huwa kipimo cha mahindi sokoni, huwa bodi ya lori. Mashamba ya mkonge nayo yalitoa bua la ua la mkonge, ambalo likikauka huwa jepesi, likakatika kwa kisu kama muhogo. Waya hupatikana penye seng'enge kuukuu, na raba hutoka katika kandambili zilizochakaa.

Jambo la kwanza kwa mwundaji ni uwiano, yaani kujua lori kubwa limepunguzwa mara ngapi. Wengi huanza na bodi, nao hujikuta baadaye na lori lenye magurudumu ya baiskeli. Mwundaji mwenye akili huanza na gurudumu, kwa sababu gurudumu ndilo kitu asichoweza kukichagulia ukubwa; hutumia lile alilolipata. Tuseme amepata vizibo vya chupa za soda. Upana wa kizibo ni sentimita 3 hivi. Gurudumu la lori la tani 3, pamoja na tairi yake, lina kimo cha mita moja hivi, yaani sentimita 100. Gawanya 100 kwa 3, utapata 33. Lori lake basi litakuwa moja kwa thelathini na tatu. Bedford QL lina urefu wa karibu mita 6; ligawe kwa 33, mfano utakuwa na urefu wa sentimita 18. Upana wake utakuwa sentimita 7. Askari mwenye kimo cha sentimita 170 atakuwa na kimo cha sentimita 5. Lakini kama amepata vifuniko vya mikebe ya rangi ya viatu vyenye upana wa sentimita 5, uwiano utakuwa moja kwa ishirini, na lori lote litakuwa na urefu wa sentimita 30.

Asidhani mtu kwamba kuanza na kile kilichopo ni desturi ya maskini tu. Kampuni ya Tamiya ya Japani, ambayo mifano yake ya vifaru na malori hujulikana duniani kote, ilitoa kifaru chake cha kwanza chenye uwiano wa moja kwa thelathini na tano mwanzoni mwa miaka ya 1960. Uwiano huo haukutoka katika kitabu cha hesabu. Walitaka kifaru kiwe na nafasi ya kutosha ndani yake kuingiza mota na betri, wakakichora kwa kuzifuata betri hizo. Wao walifuata betri, mtoto wa Ruiru hufuata kizibo. Na ajabu ni kwamba wamefika karibu mahali pamoja.

Shida ya pili ni kupata vipimo vya lori lenyewe, maana hakuna mlinzi wa kambi atakayemruhusu mtoto kulizungukia gari la jeshi kwa kamba. Hapo hutumika ujanja wa kulinganisha. Mtu mzima akisimama kando ya lori, ukingo wa bodi humfika wapi: kifuani, au begani? Mtungi wa petroli wa lita 20 uliofungwa ubavuni una kimo cha sentimita 47. Je, mingapi ingepangwa toka mbele hata nyuma? Kwa vitu viwili au vitatu ambavyo kimo chake chajulikana, lori zima laweza kupimwa kwa jicho bila kuguswa. Na kwa habari za chini ya gari, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Asiyeinama kulitazama lori lililopanda mlimani ama lililosimama gerejini hatajua kuwa ekseli ya mbele nayo ina kichwa kinene katikati, ndani yake mkiwa na gia zinazoyazungusha magurudumu ya mbele. Ataunda ekseli nyembamba, na mfano wake utakuwa wa lori la kahawa lililovaa nguo za jeshi.

Kazi yenyewe huenda hivi. Waya mnene hukunjwa kuwa fremu ya pembe nne, miguu miwili mirefu ikiungwa na vipande vya kukingama. Ekseli huwa waya ulionyooka, nao hupitishwa katika vitanzi vya waya vilivyofungwa chini ya fremu, ili uweze kuzunguka. Vizibo hutobolewa katikati kwa msumari, na viwili viwili huunganishwa vikitazamana ili kufanya gurudumu nene. Mkebe hupasuliwa, hulazwa juu ya jiwe na kunyooshwa kwa nyundo polepole, kisha huchorwa kwa msumari kabla ya kukatwa. Pindo za bati hukunjwa ndani ili zisikate vidole, na pindo mbili zikishikanishwa na kugongwa hazihitaji lehemu. Matao ya turubai huwa waya mwembamba, vitano au vitatu kwa kadiri ya lori, na turubai huwa kitambaa cha kaki au kipande cha gunia. Mwisho huja fimbo ndefu yenye usukani wa waya juu yake, iliyofungwa katika ekseli ya mbele, ili dereva aweze kukimbia nyuma ya lori lake akilipindisha kulia na kushoto.

Yafaa hapa tutenge mambo mawili ambayo mara nyingi huchanganywa. Mwaka 1974 kampuni ya Leyland Kenya ilianzishwa kwa mapatano ya Serikali ya Kenya na kampuni ya Leyland ya Uingereza, na Thika ikapata kiwanda cha kuunganisha magari, yakiwamo malori na Land Rover. Baadaye kampuni hiyo iliitwa Kenya Vehicle Manufacturers, na mwaka 2016 Volkswagen ilianza tena kuunganisha gari lake dogo katika kiwanda hicho. Katika kazi hiyo vipande hufika ndani ya makasha vikiwa vimekwisha kukatwa na kukunjwa katika nchi za mbali, na wafanyakazi huviunga pamoja. Hiyo ni kazi ya heshima, inahitaji ustadi, nayo imelisha nyumba nyingi. Lakini mtu anayeunganisha hupewa jibu pamoja na swali. Aliyepima, aliyechagua unene wa chuma, aliyekosea mara tatu kabla ya kupata mkunjo unaofaa, yuko ng'ambo. Mtoto wa waya na bati hana kasha la kufungua. Kila kipande cha lori lake kimepita katika fikira zake kabla ya kupita katika vidole vyake. Taifa litakalo siku moja kujiundia magari yake lina haja ya wafanyakazi wa namna zote mbili, na wale wa namna ya pili huanza kupatikana uani, penye rundo la mikebe.

Lakini mfano wa lori la jeshi haujatimia kwa kufanana tu na lori. Mtu aweza kuhesabu kila msumari wake na bado asijue habari zake. Baada ya kufunga turubai yampasa mwundaji ajiulize: ndani yake nimepakia nini? Likiwa ni lori la mwaka 1941, huenda likawa na magunia ya unga na mapipa ya maji yakielekea Garissa. Likiwa ni la mwaka 1944, ndani yake mna vijana waliotoka vijijini mwetu, wakitazama milima ya nchi wasiyoijua jina. Likiwa ni la mwaka 1954, ndani yake wameketi watu wamekunja mikono vichwani. Ni lori moja kwa macho, na ni habari tatu mbalimbali. Mwanafunzi atakayeunda lori la namna hiyo na aandike karatasi ndogo ya kuweka kando yake: mwaka gani, kutoka wapi kwenda wapi, mzigo gani, kwa amri ya nani. Na kama nyumbani kwao yuko mzee aliyeliona lori hilo au aliyesimuliwa habari zake na wazazi wake, amwulize, kwa kuwa kuuliza si ujinga, na wazee hao hawatakuwapo milele.

Na kama shule itapenda kufanya maonyesho, iko kazi moja ambayo darasa zima laweza kuifanya. Lichukueni lori la vizibo, lenye urefu wa sentimita 18, mliweke sakafuni karibu na ukuta. Kisha fanyeni kwa vijiti vya bua la mkonge wapagazi 120, kila mmoja kimo cha sentimita 5, na kichwani mwa kila mmoja mfunge mzigo mdogo. Wapangeni nyuma ya lori mmoja mmoja, kama walivyokwenda katika vijia vya porini, mkiacha sentimita 6 baina ya mmoja na wa pili, ambazo ni sawa na hatua mbili za mtu. Mzigo ulio juu ya mabega yao wote ni mzigo wa lori lile moja. Mstari wao utakuwa na urefu wa mita 7 na zaidi. Utavuka chumba cha darasa kutoka ukuta mmoja hata wa pili, na huenda wale wa mwisho wakasimama nje ya mlango.